Keki ya Merv

Ndani ya tramu, treni ya barabarani, mtaani Brunswick, asubuhi, mbele yangu walikaa wahudumu wawili wa gari la wagonjwa wakielekea zamuni: Merv, mwenye mvi, anayestaafu Ijumaa, na Thuy, mwenzake wa miaka tisa. Merv alipakata keki. Kituoni kwao, ukikosa kuingiza mpira wa kupumulia kooni kwa mgonjwa mara ya kwanza, kesho yake unaleta keki.

"Ungeanza na kikombe changu laini cha kupumulia," Thuy alisema. "Kinakaa juu ya koo tu, hewa inapita. Yule bibi wa jana si ndicho kilichomwokoa?"

"Na kama angetapika? Matapishi moja kwa moja mapafuni! Mpira wangu unaziba njia hiyo."

"Ukiingia, mzee! Jana ulichungulia mpaka nikadhani miwani imekudondokea humo."

Nilifunga mdomo wangu, nisije nikachunguliwa.

"Na wewe miaka tisa hujaleta keki hata moja," Merv alinung'unika. "Bahili." Akaiweka keki sawa mapajani. "Mimi nikianguka, utaniwekea nini?"

"Kikombe."

"Hata nikikataa?"

"Utakuwa umezimia. Itakuwa mara ya kwanza nikukute kimya."

Merv alicheka hadi keki ikatikisika. "Haya, weka unachotaka. Ila siku hiyo uwe zamuni wewe."

Tramu ilisimama. Thuy aliichukua ile keki mapajani mwa Merv, akashuka nayo kwa mikono miwili, kana kwamba aliyekosa jana ni yeye.