Mashimo Matatu kwa Rhobi

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mnene uliolazwa juu ya matairi mawili ya trekta, mbele ya kibanda cha Athuman fundi baiskeli, pale njia panda ya Nyamwaga haisi za abiria zinapogeuzia. Mwaka ule dhahabu ilipoonekana kwenye kilima cha ng'ambo ya kijito, nusu ya wanaume wa kata waliweka majembe wakashika sururu. Kazi ya kuwajadili ilibaki kwa watatu walioshindwa mapema. Wa kwanza ni Athuman, aliyeitwa Spoku kwa sababu ya kazi yake na miguu yake myembamba. Alichimba wiki tano akarudi na kikohozi. Wa pili ni Nyangwine, jina la kijiweni Dokta, kwa kuwa aliwahi kulinda zahanati na koti jeupe alilopewa huko hakulivua tena. Wa tatu ni Ogweno, yaani Redio. Redio yake ndogo haikubanduka sikioni, na habari aliyoisikia nusu aliimalizia mwenyewe. Kahawa ilikuwa ya Saida, mwanamke mwenye birika moja na maneno machache.

Mvua zilikatika wiki ya nne baada ya watu kupanda. Mahindi ya kata nzima yakajikunja majani kama tumbaku, isipokuwa ya Rhobi. Shamba lake, ekari moja kasoro kidogo kwenye mteremko juu ya njia panda, lilibaki kijani kibichi kiasi cha kuudhi. Tena Rhobi, mjane wa makamo, alikuwa ametoka kuwafukuza wachimbaji waliotaka kulinunua. Walipomuuliza kama kuna dhahabu, alisema hakuna.

— Mtu akisema hakuna, ujue ipo, — alisema Nyangwine. — Angesema ipo, ningejua hakuna.

Athuman akauliza dhahabu inahusiana vipi na mahindi. Nyangwine akaeleza kidaktari: dhahabu ni kitu cha baridi, mtu akivaa cheni asubuhi ataisikia shingoni. Sasa na ifikiriwe dhahabu nzima imelala chini ya mahindi. Jua litawaka, lakini mizizi itakuwa kwenye ubaridi kama iko mtungini.

— Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ndiyo maana shamba lake lina maji.

Wanaume waliona hoja imekaa. Saida hakuona hivyo, ila alimimina kahawa tu.

Ogweno akapunguza sauti ya redio na kukohoa.

— Si dhahabu, omera, ndugu yangu. Ni hewa.

Alikuwa amesikia kipindi kuhusu wakulima wanaotunza udongo. Mkulima akirudisha mabua na samadi shambani, hewa chafu inayopasha dunia joto hukaa ardhini badala ya kupanda juu, na huko nje kuna watu wanalipia. Hapo betri zikaisha. Sehemu iliyobaki Ogweno alijazia mwenyewe: Rhobi amepewa hewa ya Wazungu aifuge, kama mtu anavyokabidhiwa ng'ombe wa mwenzake, na ndiyo maana amelifunika shamba kwa mabua, isitoroke. Mtu wa Nyamwaga mwenye akili timamu atatandikaje mabua chini, wakati ng'ombe wanalia njaa zizini?

Nyangwine, ambaye hakupenda kushindwa, akaziunganisha nadharia. Hewa iko chini, ndiyo, na inaisukuma dhahabu ije juu. Wakamgeukia Athuman, mtaalamu wa hewa na tyubu, atoe neno. Athuman hakutaka kuaibika, akasema ni kweli, tyubu iliyojaa huelea hata ukiikandamiza majini. Alisema ili mazungumzo yaendelee tu. Lakini usiku alijikuta ameshaanza kuyaamini maneno yake mwenyewe, na kufika Jumamosi kijiwe kilikuwa kimekubaliana kwamba kwa Rhobi kuna jiwe la dhahabu ukubwa wa ndama, na liko karibu kutokeza.

Jumapili Rhobi akaenda kanisani. Athuman, ambaye kanisani hakuhitajika, alipanda mteremko na baiskeli yake, jembe na gunia. Moyoni alijiambia anakwenda kutazama tu, ingawa hakuweza kujieleza gunia ni la nini.

Shamba lilikuwa limekatwa na mifereji iliyolala kukinga mteremko, mmoja juu ya mwingine, na kila tuta la mfereji limeoteshwa majani ya tembo. Alisogeza mabua. Udongo chini yake ulikuwa mweusi, una unyevu, na jembe liliingia lenyewe kama kisu kwenye ugali. Kwa mtu aliyevunja mawe wiki tano, ulaini ule tu ulikuwa ushahidi. Alichimba kwenye tuta, akajaza gunia, akateremka hadi kijitoni kwenye mwalo, ule ubao wa kuinamisha uliotandikwa blanketi la kunasa dhahabu. Akamwaga udongo, akamwaga maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka adhuhuri. Blanketi lilinasa maganda ya mayai na nyungunyungu mmoja. Udongo wote ulikwenda na maji kuelekea Mto Mara, na Athuman akabaki ananuka samadi.

Jumatatu asubuhi Rhobi mwenyewe alikuja benchini, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Wakamwamkia wote watatu kwa pamoja, shikamoo mama, kwa heshima iliyozidi kipimo. Akaitikia, akaagiza kahawa, akainywa yote.

— Jana nikiwa kanisani, — alisema, — nimechimbiwa mashimo matatu kwenye matuta.

Athuman alikuwa amechimba moja. Akamtazama Nyangwine: koti jeupe lilikuwa na tope jeusi mifukoni. Akamtazama Ogweno: Ogweno alikuwa anazima redio, jambo ambalo halijawahi kutokea mchana.

Rhobi hakumtukana mtu. Aliwaonyesha mawingu yaliyokuwa yanajikusanya upande wa ziwa. Mvua ikija na kuyakuta yale mashimo, alisema, maji yatapita hapo kwa nguvu, yatavunja matuta yote ya chini, na shamba litateremka hadi kwenye benchi hili. Marehemu mume wake alimwachia kilima chekundu kisichoota hata magugu, akakimbilia maduara, yale mashimo ya dhahabu ya mbali, na duara likamfukia huko. Miaka tisa sasa anabeba samadi kwa kichwa na kurudisha mabua. Miaka miwili ya mwanzo majirani walimcheka. Mwaka wa tatu ndipo alipovuna chakula cha kufika mavuno mengine, na tangu hapo watoto wake wanne hawajalala njaa.

— Sikuja kumtafuta mwizi. Naomba udongo wangu. Uko wapi?

Athuman alisema, kwa sauti ambayo hakuitambua, kwamba wa kwake ulikwenda na maji. Nyangwine akakung'uta mifuko ya koti na kukiri. Wa kwake aliukaanga kwenye kikaango ili dhahabu iyeyuke, na mpaka sasa mke wake amegoma kupika.

— Wangu upo, — alisema Ogweno. — Niliufunga kwenye mifuko ya nailoni, hewa isitoke. Uko chini ya kitanda.

Rhobi alitaka kubaki na uso wa hasira, ikamshinda. Alicheka mpaka akashika ubao. Kisha akasimama na kusema majembe yapo kwake.

Wakapanda. Ogweno alibeba mifuko yake kama mtu anayerudisha mahari. Mashimo mawili hayakuwa na udongo wake, wakayajaza kwa mawe, samadi na matope ya mfereji, wakashindilia kwa miguu, wakaotesha upya majani ya tembo. Athuman aliwahi kuchoka duarani, lakini kule hakuna aliyemwambia rudia. Rhobi alimrudisha mara tatu kwenye tuta lile lile. Mvua ikawakuta hapo hapo alasiri. Wakakimbilia kibarazani wakatazama. Mashamba ya jirani yalikuwa yanashuka barabarani, mekundu, pamoja na mahindi yake. Kwa Rhobi maji yaliingia mferejini, yakasimama, yakapanda mpaka kwenye tuta la Athuman. Athuman alishika nguzo ya nyumba. Tuta lilitoa tope kidogo pembeni, likatulia. Maji yakaanza kunywewa na ardhi taratibu.

— Bila tuta hilo, kesho hapa pasingekuwa na shamba, — alisema Rhobi, akaingia ndani kuwaletea uji.

Siku mbili baadaye kijiwe kilikuwa kimekaa kama kawaida, Nyangwine akidai kwamba tuta lilisimama kwa sababu ya uzito wa mawe aliyoyachagua yeye kitaalamu. Haisi ya kutoka Tarime mjini ikamshusha kijana mmoja mwenye koleo jipya begani. Akajitambulisha kuwa ni Method, ametoka Mbalibali kutafuta maisha. Akazungusha macho kwenye vilima vilivyochimbuliwa, vyekundu kote, mpaka yakafika kwenye kile kipande cha kijani.

— Shikamooni. Pale juu kuna nini?

Wakaitikia marahaba. Ogweno aliongeza sauti ya redio. Nyangwine alikagua vifungo vya koti. Athuman aliona jambo lilivyo: wakisema kuna dhahabu, atachimba, wakisema hakuna, atachimba kwa bidii zaidi. Na wakisema kuna udongo, nani duniani anakubali kwamba mtu anaficha udongo? Akamwomba Saida amwongeze kahawa apate muda wa kufikiri. Saida akainamisha birika, likadondosha tone moja.

— Imeisha, — alisema Saida. — Mpelekeni kwa mwenyewe akamuulize.

Ikabidi Athuman anyanyuke, akampandisha kijana mteremkoni. Walimkuta Rhobi anafagia zizi. Method akaamkia, akarudia swali lake kwa adabu. Rhobi alimtazama usoni, kisha akalitazama koleo kwa muda mrefu zaidi.

— Koleo hilo zuri, mura, kijana wangu, — alisema. — Samadi iko kule nyuma. Ukimaliza, njoo ule, halafu nitakujibu.