Siku Mia Sita Bila Serikali

Nyirangabo alikuwa anatoka kiwandani, viatu vya kazi bado miguuni, na hakuwa na hamu ya kusikiliza siasa za watu. Lakini basi la Bailey Avenue, huku ugenini, halina pazia.

"Bon, mama, kule Bruxelles, kwa wakoloni wetu wa zamani, walipiga kura, kisha wakakaa zaidi ya siku mia sita bila kuunda serikali," alisema mzee wa kiti cha mbele, ambaye kadi yake ya kazi ilimtaja kuwa Bagula. "Vyama vilinuniana tu. Demokrasia yao iko mgonjwa." Alisema kama mtu anayetangaza msiba wa kwao.

"Dada yangu iko kule," alijibu mama wa pembeni yake, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. "Niliposikia, nilimpigia palepale nimuulize kama ameshafunga godoro la kukimbia nalo. Akaniuliza, godoro la nini? Eti tramu zinatembea na takataka zinabebwa."

"Donc unaona ni sawa? Watu waliotufundisha kutawala?"

"Papa, kwa mwalimu kama huyo, unashangaa tulianguka mtihani?"

Bagula akanuna kama chama cha Bruxelles. Nyirangabo alivuta kamba ya kushuka, akasimama, akawainamia.

"Mnisamehe, wazazi. Mimi nimekimbia vita mara tatu, na mara zote tatu serikali ilikuwepo, mawaziri wote kamili."

Basi lilisimama, akashuka.