Hatua Nne za Mheshimiwa

Refa mstaafu alikaa dirishani kwenye treni, nyuma ya muuguzi na fundi umeme waliokuwa wakibishana juu ya mbunge wao, nyota wa zamani wa mpira wa kikapu, aliyejiuzia uwanja wa mtaa.

"Dada, yule alituletea kombe!"

"Kombe gani, kaka? Alikwenda hatua nne bila kuudundisha, amekumbatia mpira kama mtoto mgonjwa, refa akameza filimbi! Ndipo mheshimiwa alipojua hakuna wa kumzuia."

Mzee akainama. Hatua zile aliziona zote. Aliogopa kelele za mashabiki.

Muuguzi akageuka. "Baba, wewe uliiona mechi ile?"

"Sikuona," akajibu, kama alivyojibu siku ile. Treni iliposimama akashuka, kituo kisicho chake.