Usifunge Kabla ya Kujibiwa

Kaeni karibu, wanangu, wewe Jeruto hapo upande wa dirisha na wewe Felix kwenye hicho kigoda, na hiyo simu ya Jeruto iwekeni juu ya blanketi inase maneno yangu, maana nawajua watu wa ukoo huu, mtu akishazikwa kila mmoja anakumbuka wosia unaompendeza yeye. Daktari amesema nirudi nyumbani nipumzike. Mimi si mtoto, najua ni mapumziko gani anayoyasema. Kwa hivyo msinikatize, na wewe Jeruto acha kulia, machozi yana siku yake.

Shamba la Cheptiret ni la Jeruto pamoja na ng'ombe wake, na Felix usikunje uso, wewe una nyumba mjini, mtaa wa West Indies, na mke asiyetaka hata kusikia harufu ya samadi. Nderitu wa dukani nimemsamehe. Ni yeye aliyewatangazia wakulima wa Chepsaita yote kwamba kwangu, kwa Mama Hellen, kuna pepo ndani ya mahindi, tukakosa wateja msimu mzima, nami nikamchukia hadi nikawa nafuata sukari hadi Turbo. Lakini lisemwalo lipo. Akija matangani mpeni chai, na kiti kizuri.

Sasa hizi silo hapa nje, haya maghala ya mahindi aliyoniachia baba yenu. Hapa ndipo ninapotaka masikio yenu, kwa sababu kazi hii ina watu ndani yake, na mtu wa kuiongoza bado sijamtaja.

Mlikuwa wadogo baba yenu alipokufa, mkaambiwa ni ajali tu. Siku ile Kiprotich wangu alikuwa amevaa suti, anaenda mjini, na Lusweti, kibarua wetu, alikuwa ndani ya silo akivunja mahindi yaliyoshikana, maana mahindi yakipata unyevu yanaganda juu huku chini pamebaki shimo, na mtu akikanyaga anazama. Lusweti akazama hadi kifuani. Watu wakapiga kelele, kila mmoja akimtazama mwenzake, na baba yenu angeweza kumwamuru yeyote aingie, wote walikuwa wanakula kwake. Hakumwamuru mtu. Alisema, "Mimi ndiye niliyemtuma," akavua koti, akaniwekea mkononi, akaingia bila kamba. Alimsukuma Lusweti juu hadi wenzake wakamshika mikono, na yeye mahindi yakamfunika. Koti bado lilikuwa na joto lake, wanangu, na sauti niliyoisikia ni ile ya mvua ikianza kugonga mabati. Hadi leo Lusweti mvua ikianza anatoka nje, afadhali alowe.

Baada ya kumzika nikajiwekea sheria. Kila jioni, kabla mlango wa silo haujafungwa, hasa siku ya kuwekwa dawa ya kuua dumuzi, maana ile dawa haimwachi kiumbe yeyote hai, nasimama mwenyewe mlangoni na kuita ndani, "Kuna mtu?" Jioni ya kwanza niliita kwa woga tu. Nikajibiwa.

"Funga."

Neno hilo moja, vile baba yenu alivyokuwa akisema akiona nimeacha mlango wa jikoni wazi. Nikamleta pasta, akaomba hadi shati likalowa, na jioni yake nikaita tena nikajibiwa tena, na nafikiri safari hiyo alikuwa amekasirika. Basi nikazoea. Unaita, unajibiwa, unafunga, unaenda kupika. Nderitu alisimama nami siku moja akasikia kwa masikio yake, na tangu hapo akipita hapa anavua kofia.

Halafu ikaja jioni nilipoita pakawa kimya. Nikaita tena, kimya. Wafanyakazi walikuwa langoni wakisema wote wametoka, dereva wa lori anapiga honi, na nikawasikia wakinong'ona kwamba bosi ameanza kuchanganyikiwa. Nikakataa kufunga. Nikajifunga kamba kiunoni, nikampa msimamizi ashike, nikaingia na tochi. Nilimkuta Perez, yule mama aliyekuwa akifagia kuta, ameanguka nyuma ya ngazi, joto limemshinda, midomo imejaa vumbi. Leo yuko hai, ana wajukuu. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ambayo baba yenu alijipa. Akiona hakuna mtu, anasema funga. Akiona mtu, ananyamaza, ili mimi niingie.

Felix, najua umesoma, na kamera zako nimeziona, na huo mlango unaoufunga kwa simu ukiwa mjini unakunywa kahawa. Sikukatazi. Lakini mama ya mtu hatakuja kuiuliza kamera mwanawe yuko wapi, atakuja kukuuliza wewe. Mkubwa ni jaa, mwanangu, kila taka hutupwa juu yake, na asiyetaka taka asitake ukubwa. Usimtume mtu mahali ambapo wewe mwenyewe hungeingia. Na wale watu wana majina, acha kuwaita "nyinyi."

Haya niambie, leo nani amefunga silo?

Unanionyesha simu. Umefunga ukiwa hapo hapo kwenye kigoda, na watu wa dawa umewaita waje kabla ya giza. Uliita ndani? Hukuita. Jeruto naye hakuita kwa sababu yuko hapa ananishika mkono. Basi mjue kwamba mlipokuwa mkinywa chai, mimi nilijiburuta hadi hapo dirishani nikaita na hii sauti yangu mbovu, na sikujibiwa, nikadhani sauti haikufika na mlango bado uko wazi.

Usinitazame hivyo, homa haijanifika kichwani. Nenda, Felix. Ufungue mlango kwa mkono wako, uite kwa mdomo wako. Nenda!

Ameenda. Sikiliza anavyokanyaga hizo kokoto kwa hasira, kama baba yake kabisa. Jeruto, nikifa nilazwe kando ya baba yenu, na hotuba ziwe fupi, watu wana ng'ombe wa kukamua.

Umesikia? Ameita. Hiyo ni sauti ya mtu anayeona aibu kuita.

Kimya.

Usifunge, mwanangu. Usifunge. Ameita tena, na sasa hiyo ndiyo sauti yenyewe. Anasemaje? Eliakim? Anasema ameona kiatu cha Eliakim, yule kibarua wetu. Woi, Mungu wangu, na watu wa dawa wako njiani. Anataka kamba. Jeruto, inuka. Inuka nakwambia! Niache mimi, aliye kitandani hazami. Kashike kamba ya ndugu yako, uizungushe kwenye nguzo, na usiiachilie hata ukisikia nimekata roho. Kimbia!

Haya. Simu, naona taa yako bado inawaka. Tumebaki sisi wawili.

Nilisema sijamtaja mtu. Sasa nawataja. Felix ameingia mwenyewe, hakutuma mtu, na Jeruto ameshika kamba. Silo ziwe za wote wawili, mmoja wa kuingia na mmoja wa kushika, na wabadilishane. Atakayechoka kuita jioni aache uongozi siku hiyo hiyo, akauze viatu.

Nani huyo mlangoni?

Ingia. Usisimame hapo kama mgeni... Mabega yako yamejaa vumbi la mahindi. Kumbe ndiyo maana hukunijibu. Nilifikiri umenyamaza kwa sababu ya Eliakim, na kumbe hukuwa huko kabisa, ulikuwa njiani kunifuata. Koti lako liko pale nyuma ya mlango, sikulifua. Vaa, kuna baridi.

Ngoja kidogo, Kiprotich. Ngoja niwasikie watoto.

Mmoja anakohoa. Huyo ni Felix. Na... na mwingine. Wanakohoa wawili. Jeruto analia na kucheka. Asante, Bwana.

Wanangu, mkija kuisikiliza hii simu... nawatemea mate kifuani, mate ya baraka. Maziwa yasikauke kwenu. Watu mtakaowatuma asubuhi warudi kwao jioni wote. Wafanyakazi wenu wasiwaogope, wawa... wawapende. Siwezi kuinua mkono. Uchukue huu, Kiprotich. Mkono wako una baridi.

Sikiliza. Felix ameshamtoa Eliakim, na anaita tena kabla ya kufunga. Sikumwambia aite mara ya pili. Ameita mwenyewe.

Mjibu, mume wangu. Anangoja. Mtoto anangoja pale mlangoni.

Hutaki?

Mimi?

Funga, mwanangu... Funga.