Pamba Kichwani Mpaka Mlangoni

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu ya Pasiansi. Ndugu Mwenyekiti wa klabu ya Nyota Nyeupe pamoja na kamati yako. Mzee wetu Shigela Malimi, ambaye ndiye tumekuja kumuaga. Ndugu wachezaji, wazazi wangu na wageni wote mlioalikwa: wakubwa shikamooni, na wanafunzi wenzangu mliosimama kule ukutani, nawasalimu.

Ndugu Mwenyekiti alipokuja nyumbani wiki iliyopita nilidhani amekosea mlango. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na mwalimu akiniuliza swali darasani natamani aniruhusu nilijibu kwa kuandika. Lakini yeye alikuwa amesikia kwamba niliandika insha kuhusu Mzee Shigela. Akasema wazee wa klabu wana mengi ya kusema ila hakuna anayejiamini kuyamaliza bila kulia. Kwa hiyo nimeandika, nami naomba mniruhusu nisome. Nikiinamia karatasi sana, mnivumilie.

Wageni mtakuwa mmejiuliza kwa nini mezani pale kuna foronya ya mto iliyokunjwa. Ile ni ya Mzee Shigela. Zamani kiwanda chetu cha kuchambua pamba kilipokuwa kinafanya kazi usiku na mchana, yeye alisimamia mashine inayotenganisha mbegu na nyuzi, na kila siku ya mechi alikuja uwanjani na foronya hiyo imejaa pamba. Kila shabiki alichota kidogo akaiweka kichwani. Kina mama waliichomeka kwenye vilemba. Sheria ilikuwa moja tu: tushinde au tufungwe, pamba haitoki kichwani mpaka umefika mlangoni kwako.

Siku za ushindi, ni nani asingeipenda sheria hiyo?

Mimi sikuwa shabiki kwa sababu ya ushindi. Ilikuwa mwaka 1990, nina miaka tisa. Mama alikuwa amekwenda Bukoba kwenye msiba, na baba yangu, Mzee Kashaija, ambaye alikuwa karani wa mizani pale kiwandani, alitakiwa kusafiri na timu kwenda Sengerema kwa sababu ndiye aliyetunza vyeti vya wachezaji. Hakuwa na mtu wa kuniachia. Nikapandishwa kwenye lori la kiwanda la kubebea marobota ya pamba, nikiwa na kitabu changu cha darasa la tatu, nikaambiwa nisisimame.

Mzee Shigela alinipa pamba kabla hatujafika kwenye kivuko cha Kigongo. Niliipokea kwa adabu, kama mtoto anayepewa peremende na mgeni, nikaiweka kichwani, nikaendelea kusoma. Nilisoma hata mechi ilipoanza. Kila nilipoinua macho, tulikuwa tumefungwa tena. Mpaka mwisho, manne bila.

Jioni ile tukarudi Busisi kupanda kivuko, na kivuko kilikuwa kimejaa watu wa upande ule waliokuwa wanakwenda mjini na furaha yao yote. Ndugu zangu, mtu akifungwa kwake anaweza kujifungia ndani. Mtu aliyefungwa ugenini, akiwa katikati ya maji, na kichwa chake kimeandikwa matokeo, atakwenda wapi? Mama mmoja muuza dagaa alimtazama Mzee Shigela kuanzia miguuni hadi utosini, akamwita kwa Kisukuma, akamuuliza kwa sauti ya kusikika kivuko kizima:

“Ngosha, hiyo pamba kichwani ni dawa ya kuzuia magoli?”

Mzee Shigela akamjibu bila kukunja uso: “Ni dawa, mama. Leo tumekosea kipimo.”

Watu walicheka, na yule mama akacheka kuliko wote. Lakini mimi sikucheka. Niliona kila mtu ananitazama mimi. Nikaenda pembeni kwenye vyuma, nikaitoa pamba kichwani na kuidondosha ziwani.

Nilikuwa mtoto wa kusoma vitabu, na kwenye vitabu vyangu hapakuwa na habari za pamba. Nilidhani itazama. Haikuzama. Ilielea pale pembeni ya kivuko, nyeupe, ikipanda na kushuka na mawimbi, na macho yote yaliyokuwa yametazama vichwa vyetu yakahamia majini. Baba aliiona. Sijapata kumwona baba ameona aibu namna ile.

Mzee Shigela alikuja akasimama karibu nami. Aliitazama pamba mpaka ikabaki nyuma. Hakunigombeza. Aliitoa ya kwake, akaigawa katikati.

“Kemilembe,” akasema, “kichwa changu hakina nywele, hii inateleza. Nisaidie kubeba nusu.”

Ni hayo tu. Nikaibeba nusu yake kutoka Kigongo hadi mjini, ambako vijana walitupigia miluzi, na kutoka mjini hadi Pasiansi, huku nimeishika kwa kiganja isipeperushwe. Nilipofika mlangoni nikaigusa, ipo. Tangu siku ile hamjanikosa uwanjani, ingawa wengi hamkujua kuwa nipo, kwa sababu sipigi kelele.

Leo ni mwaka 1997. Sote tunajua yaliyotokea. Biashara ya pamba ikafunguliwa, wanunuzi wapya wakaja na magari yao, na kiwanda kikawekwa kwenye orodha ya kuuzwa, kisha kikauzwa. Mashine zimenyamaza msimu wa pili sasa. Mzee Shigela alipunguzwa kazi, na baba yangu pia, siku moja, barua zinazofanana. Mmiliki mpya wa kiwanda amesema wazi kwamba hakununua timu. Sisemi haya kumlaumu mtu. Nayasema kwa sababu lori halipo, na Mzee Shigela anarudi kwao Kisesa.

Na Jumapili ijayo, katika mechi yetu ya kwanza ya kujitegemea, tunacheza wapi? Kisesa. Mzee huyu atatoka nyumbani kwa ndugu zake, atapita katikati ya watani na shemeji zake, atasimama upande wetu wa uwanja akiwa na pamba kichwani. Je, atasimama peke yake?

Ndugu Mwenyekiti ameweka daftari pale mlangoni, tuandike majina ya watakaokwenda kwa nauli zao au kwa baiskeli. Amesema majina yasipofika ishirini, kamati itaifuta klabu. Nilipoingia mchana huu, ukurasa ulikuwa na jina moja: Shigela Malimi.

Nimesikia watu wakisema kwa huzuni kwamba hata pamba yenyewe imekwisha. Wazee wangu, naomba radhi, lakini hilo si kweli. Kila nyumba iliyokuwa na mfanyakazi pale kiwandani ilishona mito kwa pamba ya mabaki. Tunailalia. Asubuhi ya leo nilikuwa natafuta ujasiri wa kuomba ruhusa ya kufumua mto wangu, nikamkuta baba ameketi kitandani na wembe, anafumua mto wake. Baba hajakanyaga uwanjani tangu ilipokuja barua ile. Alinijazia mfuko huu nilioushika, akasema, “Peleka. Nitalalia mkono.”

Mzee Shigela, naomba foronya yako niijaze. Siku ile kwenye kivuko ulisema nikusaidie kubeba nusu, na mimi sikukushukuru, kwa sababu nilikuwa naona aibu. Leo nakushukuru mbele ya watu wote hawa, na bado naona aibu, lakini pamba iko kichwani na naahidi itafika mlangoni.

Nanyi wengine mliopo hapa, mkitoka chukueni kidogo kidogo, itatosha. Kisha mpitie kwenye daftari. Jina langu nimeliandika chini ya lile la Mzee. Mstari wa tatu nimeuacha wazi, na baba, naona umeketi karibu na kalamu.

Nawashukuruni nyote kwa subira yenu na kwa kunisikiliza.