Dumu la Tano Halikupimwa

Ndugu, majirani na marafiki wa marehemu, historia hii imeandikwa na mdogo wake wa kike, yule anayemfuata kuzaliwa, ambaye ndiye aliyekabidhiwa vyeti, picha na tarehe za familia tangu baba yao alipofariki, na ndiye anayeisoma mbele yenu sasa, ila humu ndani ataitwa mdogo wake tu, kwa kuwa siku ya leo ni ya marehemu.

Marehemu alizaliwa tarehe 22 Novemba 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba aliyekuwa seremala na mama aliyekuwa mkunga, na mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia mpaka lori lilipowashwa huko nje, naye baba alikuwa akimjibu kila mara, "Mama watoto, acha kutia chumvi, alilia kama wenzake wote." Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akaendelea na sekondari hadi alipohitimu kidato cha nne mwaka 1984, na mwaka 1985 alijiunga na chuo cha ufundi, ambako alisomea ufundi wa magari kwa miaka mitatu na kufaulu akiwa wa pili darasani, cheti chake kipo na yeyote anaweza kukiona.

Tarehe 4 Januari 1988 aliajiriwa katika karakana ya kampuni ya mabasi, na hapo ndipo alipopewa jina la Sikio, kwa sababu alikuwa akishika bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini na mpini akauweka sikioni, kisha akataja kifaa kinachokaribia kufa kabla hata boneti haijafunguliwa vizuri, hadi madereva wakawa wanaonyana, "Usipite karibu na Sikio tumbo likinguruma, atakutangazia ulichokula jana." Ni katika karakana hiyo hiyo, mwaka 1993, ambapo binti mmoja mshonaji wa sare za shule alileta cherehani yake iliyokuwa ikikwaruza, marehemu akaiinamia na bisibisi yake kama inavyoinamiwa injini, na wifi anapenda kusema kwamba cherehani ilisikilizwa wiki tatu ingawa ubovu wake ulikuwa wa dakika tano. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994 na kujaliwa watoto wawili, wa kwanza binti, aliyezaliwa tarehe 30 Mei 1996, na wa pili wa kiume, aliyezaliwa tarehe 11 Septemba 2001.

Mwaka 2002 marehemu aliacha kazi ya mabasi na kufungua gereji yake, chumba kimoja kirefu chenye shimo la kushukia chini ya magari, meza ya chuma na dirisha moja linalotazama uchochoro, na mwaka 2006 akamwomba mdogo wake aje kumsaidia kutunza vipuri na kumbukumbu za magari. Huko ndiko alikojipatia sifa ya kurekebisha magari yenye turbo, hasa yale ya mashindano ya kupanda mlima, ambayo aliyatengeneza yatumie petroli iliyochanganywa na ethanoli, kwa maana mafuta hayo hupoza moto ndani ya injini na kuivumilia turbo ikisukuma hewa nyingi, ila injini hunywa mafuta mengi zaidi, hivyo ilimlazimu kubadilisha pampu na nozeli, kisha kuandika upya maelekezo ya kompyuta ya gari, ambayo mafundi huyaita ramani. Ramani ya ethanoli nyingi haitaki mafuta yenye ethanoli kidogo, kwa kuwa injini itaanza kugonga na pistoni zitavunjika.

Muuzaji wa mafuta hayo alikuwa akichanganya kwa macho, kwa hiyo sheria ya marehemu ilikuwa moja, kwamba kila dumu lipimwe, na kazi hiyo aliikabidhi kwa mdogo wake. Unamimina mafuta kidogo kwenye bomba la kioo lenye mistari, unaongeza maji, unatikisa, unasubiri, ethanoli inayafuata maji chini na petroli inabaki juu, kisha unasoma mstari, unaandika asilimia kwenye utepe wa karatasi na kuubandika kwenye dumu. Binti wa marehemu, aliyekuwa akishinda gerejini kila likizo na kusema atakuwa fundi kama baba yake, alijifunza kupima kabla hajatimiza miaka kumi na minne.

Yanayofuata hayajawahi kusemwa hadharani. Jumamosi tarehe 17 Agosti 2013 yaliletwa madumu matano kwa ajili ya gari la mfanyabiashara wa vioo, ambalo lingeshindana kesho yake na ambalo halikuwa na kifaa cha kutambua chenyewe kiasi cha ethanoli, mdogo wake akapima manne, yote yakasoma themanini na tano, na la tano hakulipima, kwa sababu alikuwa na miadi saluni saa tisa na alitaka nywele zake zipendeze kwenye picha za mashindano, akaandika 85 kwa mkono wake, akabandika, akaondoka. Jumapili asubuhi dumu lililobebwa na kumiminwa kwenye tangi lilikuwa hilo.

Marehemu alikuwa amesimama kwenye kona ya tatu, mdogo wake kando yake, na gari lilipokuwa bado chini kabisa, wengine wote wakishangilia mngurumo, yeye aliinua mikono miwili na kupiga kelele, "Achia mafuta! Achia mguu!", lakini dereva, ambaye ndiye mwenye gari, hakuweza kumsikia, na kabla ya kona ya nne ulitoka moshi mweupe na injini ikafa. Mwenye gari alishuka akiwa amefura, akasema mbele ya watu, "Sikio, leo masikio umeyaacha nyumbani?", watu wakaangua kicheko, na marehemu akajibu, "Ramani ni yangu, bwana, na kosa ni langu."

Jumatatu alilipima mwenyewe baki la lile dumu, mstari ukasimama kwenye arobaini, akautazama, akamtazama mdogo wake, akamwaga, akaliosha bomba na kuliinamisha likauke, akaubandua ule utepe na kuutia mfukoni mwa ovaroli, kisha akasema, "Kuanzia leo, mdogo wangu, tutapima wote wawili."

Jina la Sikio likageuka likawa Kiziwi, wenye magari ya mashindano wakahama mmoja mmoja, na kufikia Machi 2015 gereji ilikuwa ya kubadilisha breki na oili tu. Binti yake aliacha kuja likizo, akachukua masomo mengine, na leo ni mwalimu, na hajawahi kuambiwa kwamba kile walichomcheka baba yake hakikuwa cha baba yake.

Mwezi Juni 2022 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, akagundulika kuwa na tatizo la moyo, akatibiwa kwa kwenda na kurudi hadi tarehe 22 Januari 2024 alipolazwa. Tarehe 29, muuguzi alipokuja kumtoa damu na kuandika vichupa vyake, marehemu alimwambia, "Sista, pima vyote, usije ukabandika tu karatasi," akacheka, akamgeukia mdogo wake, akangoja. Mdogo wake alicheka pia, akanyoosha shuka, akauliza kama anataka maji. Siku tano baadaye, Jumamosi tarehe 3 Februari, saa nne na dakika kumi asubuhi, marehemu alifariki, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, miaka kumi na miezi mitano tangu kona ile ya tatu, na katika muda wote huo hakukosekana siku ambayo mdogo wake angeweza kusema.

Ameacha mke, watoto wawili, na ndugu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliompeleka hospitali kwa gari lao, mafundi wa karakana ya mabasi waliobeba jeneza, na mfanyabiashara wa vioo, aliyekuja licha ya yote na kukaa safu ya pili, ambaye sasa anajua, kama anavyojua binti wa marehemu, kwamba ramani ilikuwa sahihi na dumu ndilo halikupimwa. Historia ya fundi huyu isomwe hivyo kuanzia leo, na anayetaka kuuliza amuulize mdogo wake, atakuwepo.

Pumzika kwa amani, kaka, ile aliyokunyima mdogo wako kwa kunyamaza. Ulisikia kabla yetu sote.