Inspekta Mkuu Philister Mwikali Aachia Kiti

Baada ya miaka thelathini na mitano ya kuitumikia polisi, Inspekta Mkuu Philister Mwikali, mkuu wa kitengo chetu cha kuchunguza tabia za wahalifu hapa Changamwe, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wasifu huu ameombwa auandike Inspekta Nadira Hassan, ambaye meza yake imepakana na ya mstaafu kwa miaka kumi na mmoja, na ambaye amekitamani kiti cha mstaafu kwa muda uo huo. Kila mtu afisini analijua jambo hili, kwa hivyo hakuna haja ya kuzungukana. Mrithi wa kiti alikuwa hajatangazwa mwandishi alipoketi kuandika, na aliyeombwa ushauri juu ya mrithi ni mstaafu mwenyewe. Mwenye wivu ajinyonge, husema watu. Mwandishi hana nafasi ya kujinyonga, ana kurasa za kujaza.

Bi Philister alizaliwa Kitui, akaletwa Likoni akiwa konstebo, kazi yake kupekua mikoba ya akina mama kivukoni. Husema kwamba mikoba ile ndiyo iliyomfunza watu. Kutoka hapo alipanda, akapanda, akazidi kupanda, hata wengine tukachoka kuitwa kwenye sherehe za vyeo vyake. Kazi ya kitengo ni hii: mtu katenda ukatili na hajulikani, nasi kwa kutazama alivyotenda tuseme ni mtu wa namna gani, wa umri gani, kalelewa vipi, ili wapelelezi wajue pa kuanzia. Kwa kazi hiyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hana mfano.

Watu wa Mtopanga humwita Mama Tabia. Mwandishi amezaliwa Likoni, amesoma madrasa Likoni, ana shangazi karibu kila mtaa, na hajawahi kuitwa mama wa chochote. Kuna mahabusu mmoja aliyekaa wiki nzima kimya mbele ya mwandishi, kama ukuta. Bi Philister alipoingia na kikombe chake cha chai, yule bwana akalia, akasema yote, kisha akamwombea dua. Mwandishi alibaki nje ameshika faili. Na chai yenyewe aliipika mwandishi!

Lakini kesi iliyompa jina ni ile ya mtaa wa Shika Adabu, huko huko Likoni. Nyumba tano zilivamiwa katika muda mfupi, zote wakati wa magharibi, na waliokuwemo wakakatwa mapanga vibaya. Mwandishi alikuwa wa kwanza kutoa maoni: kijana, mlevi, mgeni asiyejua watu. Maoni mazuri tu, yalipigwa muhuri. Bi Philister aliyasoma, akashukuru, akavaa viatu vyake vya raba akatoka. Hakwenda kwenye zile nyumba tano. Alikwenda kwa majirani zao, nyumba ambamo hakikutokea kitu. Ndiyo desturi yake ya kazi tangu zamani, kuanza na aliyenusurika. Alikaa barazani kwa watu, akala mbaazi zao, akauliza siku ile walikuwa wakifanya nini.

Nyumba tatu zikamwambia jambo moja. Walisikia hodi mlangoni, lakini walikuwa ndani ya sala na mtu hawezi kuitika akiwa anasali. Aliyekuja alipiga hodi mara tatu, akanyamaza, akaenda zake. Bi Philister akaenda hospitali kuwauliza majeruhi. Wote walisema wamesikia hodi, wote wameitika karibu.

Bi Philister akaandika kwamba mvamizi huyu si mlevi wala si mgeni. Ni mtu mzima, mwenyeji, aliyelelewa na wazee wakali wa adabu, hodi tatu na usipojibiwa urudi. Anaweza kumkata mwenziwe panga, ila kuingia pasipo kukaribishwa hawezi. Mwezi haukwisha akapatikana, seremala wa umri wa miaka arubaini na kitu, aliyelelewa na nyanya yake, mpole, wa safu ya mbele msikitini. Alipoulizwa kwa nini aliziacha zile nyumba nyingine, alimshangaa muulizaji. Alijibu kwamba mtu haingii nyumba ya watu bila ya idhini.

Wallahi roho iliniuma, na hapa naomba niache kujiita mwandishi. Hodi tatu! Desturi ya kwetu, niliyofunzwa na bibi yangu kabla sijajua kufunga viatu! Mimi niliyeilalia na kuiamkia sikuiona, akaja mtu wa Kitui akaiokota mlangoni petu. Wenzangu walimbeba juu juu. Mimi nilipiga makofi hadi viganja vikawasha, nikaenda nyumbani nikakosa hata hamu ya kula. Tangu siku ile nilimfuata kwa macho. Aliposimama mlangoni mwa nyumba nilitazama anatazama nini. Alipomwuliza mtu swali nililirudia moyoni, nijue kwa nini limetangulia lile na si jingine. Nilikuwa natafuta kosa lake nilishike. Miaka inakwenda, kosa silioni, nami kila siku naondoka na kitu chake.

Juzi mkubwa wetu, Bwana Mwarandu, aliniita. Nilikwenda nimejiandaa kuambiwa jina la mwingine, na uso nilikwisha kuupanga. Akaniambia kwamba Bi Philister ametaja jina moja tu, langu. Alipomwuliza sababu, alisema wengine wamekuwa wakimpenda, na anayekupenda hukutazama nusu. Nadira hajaacha kumtazama hata siku moja, na kazi hii haifunziki vinginevyo. Kumbe ananisoma! Miaka yote ile najificha nyuma ya faili, naye anajua, na kila akiuliza swali lake alikuwa akipandisha sauti kidogo ili nilisikie vizuri.

Basi kiti nimekipata, na hata hicho nimekipokea mkononi mwake. Nilikwenda kumshukuru, nikalia kama yule mahabusu. Sijui sasa nitamwangalia nani.

Bi Philister, kitengo kizima kinakushukuru kwa kazi yako na kukuombea afya, usingizi wa kutosha na majirani wema huko Bombolulu ulikojenga. Mimi nakuombea hayo hayo, inshallah, kwa moyo mmoja. Ila nakusihi, ustaafu wako usikupendeze sana.